Uvimbe wa tezi za mate kwenye kaakaa: tuchome sindano, tukate kinyama, au tuutoe wote?

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alikuja kliniki akilalamikia meno bandia. Ya juu yalikuwa hayakai tena. Kila akiyapeleka kwa fundi yanasuguliwa, yanatulia wiki mbili tatu, kisha yanaanza kucheza upya. Miezi minane ilipita hivyo. Nikamwambia, "Mama, hebu yavue nione." Upande wa kulia, pale kaakaa gumu linapokutana na lile laini, palikuwa na uvimbe mkubwa kiasi cha kokwa la zambarau. Ngozi ya juu yake ilikuwa nzima, na kwa mbali ilikuwa na rangi ya kibuluu. Nikaubonyeza kwa kidole: hauumi, hauna ulaini wa usaha, wala hautembei.

"Hakiumi, daktari, ndiyo maana sikukijali," akasema. "Ila kule nilikopita waliniambia kinatolewa leo leo kwa ganzi, mambo yakaisha. Wewe unataka ukate kipande kwanza, nikae wiki mbili nisubiri majibu, halafu nirudi nikatwe tena. Kwa nini nikatwe mara mbili?"

Hilo ni swali la haki kabisa, na siku ile nilimjibu kwa kifupi kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Hapa nalijibu kwa urefu wake. Namjibu yeye, na pia nawaandikia wenzangu wa vituo vya afya na kliniki za meno wilayani, kwa sababu uvimbe wa namna hii huwafikia ninyi kabla haujamfikia daktari bingwa yeyote. Uamuzi mnaoufanya siku hiyo ya kwanza, wa kuchoma, kukata au kuacha, ndio unaorahisisha au kuvuruga kila kinachofuata.

Kwanza tazama umekaa wapi

Tezi kubwa za mate ziko jozi tatu: parotidi iliyo mbele ya sikio, ile inayovimba mtu akiugua matubwitubwi, ya chini ya taya, na ya chini ya ulimi. Zaidi ya hizo, kinywa kimetandazwa tezi ndogondogo kati ya 600 na 1,000, kwenye kaakaa, mashavuni, ndani ya midomo, na nyuma ya magego. Ukitaka kuziona, geuza mdomo wako wa chini mbele ya kioo, ufute kwa shashi, usubiri. Yale matone yanayochipuka kama jasho yanatoka kwenye vinywa vya tezi hizo.

Kadiri tezi inavyokuwa ndogo, ndivyo uvimbe wake unavyostahili kutiliwa shaka zaidi. Kati ya uvimbe unaoota kwenye parotidi, takriban robo ndio saratani. Kwenye tezi ya chini ya taya inakaribia nusu. Kwenye tezi ndogo za kinywani ni nusu au zaidi, na kwenye ile ya chini ya ulimi sehemu kubwa ni saratani. Kwa hiyo mtu mwenye uvimbe mkubwa mbele ya sikio na mtu mwenye kauvimbe kadogo kwenye kaakaa hawako kwenye hatari sawa, na mara nyingi anayeonekana na tatizo dogo ndiye wa kuwahishwa.

Saratani za tezi za mate zenyewe ni adimu, hazifiki hata 1 kwa kila saratani 100. Daktari wa meno anaweza kung'oa meno kwa miaka mingi bila kukutana nayo, na siku akikutana nayo akaiita jipu, kwa sababu majipu ndiyo anayoyaona kila siku. Jipu la kaakaa linatoka kwenye jino lililokufa, mara nyingi jino la pili la mbele au mzizi wa ndani wa gego la kwanza. Linauma, limejaa, na ukiligonga jino husika mgonjwa anaruka. Mwalimu yule hakuwa na jino hata moja juu, na picha ya taya haikuonyesha mzizi uliosahaulika. Jipu lingetoka wapi?

Yapo mengine ya kuyaweka kando kwanza. Nundu ngumu ya mfupa iliyokaa katikati kabisa ya kaakaa, iliyokuwepo tangu ujana, ni umbo tu la mtu na haihitaji kitu. Uvimbe wa tezi za mate hukaa pembeni, kwa kuwa mstari wa katikati hauna tezi za kutosha. Madoa ya zambarau kwenye kaakaa la mtu anayeishi na VVU yanakufanya uifikirie saratani ya Kaposi, ambayo huku kwetu tunaifahamu vizuri. Na uvimbe wa kaakaa unaokuja pamoja na pua kuziba upande mmoja au kutoka damu huenda unashuka kutoka kwenye uwazi wa shavu, ule wa hewa ulio ndani ya mfupa, hivyo unahitaji picha kabla ya kisu.

Midomo nayo ina tofauti ambayo wengi hatukufundishwa kwa mkazo. Mdomo wa chini, vinundu vingi ni mukosili: kamfuko ka mate kanakotokea mtu akijiuma, kanapasuka, kanapungua, kanarudi. Lakini ukikuta pale uvimbe mgumu wa kweli, usiopungua, elekeza shaka kwenye saratani. Mdomo wa juu ni kinyume chake: mukosili ni nadra, na kinundu kigumu kinachoteleza chini ya kidole kwa kawaida si saratani. Na kwa mtu mzima mwenye "mukosili" nyuma ya gego la mwisho la chini, naomba usiliamini jina hilo mpaka maabara ilithibitishe.

Sindano nyembamba

Tunaiita FNA. Ni sindano ya geji 22 hadi 25, ile ile ya kutolea damu au nyembamba zaidi. Unachoma, unavuta, unapaka kwenye kioo, na mtaalamu anaangalia kwa hadubini. Majibu yanaweza kutoka siku hiyo hiyo. Haiachi kovu, na gharama yake ni ndogo.

Kwa uvimbe wa parotidi, hii ndiyo njia ya kwanza na sina mjadala nayo. Mshipa wa fahamu unaoendesha uso unapita katikati ya tezi ile. Ukikata kinyama, yaani kipande cha kupeleka maabara, kwa kisu unaweza kumwachia mtu uso uliopinda. Isitoshe, uvimbe ulio wa kawaida kuliko wote pale, adenoma ya pleomofiki, umefunikwa na ganda jepesi. Ukilipasua, seli zinamwagika kwenye nyama, na baada ya miaka mgonjwa anarudi akiwa na vinundu vingi badala ya kimoja. Kwa hiyo kwa parotidi: sindano, ikiwezekana ikiongozwa na ultrasaundi.

Kwenye kaakaa sindano inapoteza nguvu zake nyingi. Nyama ni nyembamba na imebanwa juu ya mfupa, sindano haina nafasi ya kutembea huku na huku kukusanya seli, na mgonjwa anataka kutapika kila ukigusa nyuma. Ukifanikiwa kupata seli, mtaalamu anaziona zimetengana na majirani zake. Ni kama kuletewa punje za wali kwenye kisahani ukaambiwa useme kama zimetoka kwenye sufuria ya pilau au ya biriani: punje ni zile zile, na kinachozitofautisha kimebaki jikoni. Katika tafiti zilizojumlishwa, ambazo nyingi zilihusu parotidi, sindano nyembamba hugundua takriban saratani 80 katika 100. Zile 20 zinazobaki ni watu walioambiwa hamna kitu.

Tangu 2018 maabara nyingi duniani hutoa majibu ya FNA kwa mpangilio wa Milan, wenye makundi sita, ili daktari na maabara waelewane. Kundi la uvimbe usio saratani lina hatari chini ya 5 kwa 100 kuwa saratani imejificha. Kundi linalotatiza ni lile la "uvimbe wa tezi ya mate wenye uwezekano wa saratani usiojulikana". Hapo hatari ni karibu 35 kwa 100. Ukiletewa jibu hilo, usilisome kama "hana saratani". Lisome kama "tafuta kipande kikubwa zaidi".

Kuna pia sindano nene inayotoa kijiti cha nyama. Kwa parotidi, chini ya ultrasaundi, inagundua zaidi ya 90 kwa 100 na ni nzuri sana. Kwa kaakaa naiacha, kwa kuwa kama unaweza kufika kwa kidole, unaweza kufika kwa kisu kidogo ukapata kipande bora zaidi.

Kinyama

Hapa ndipo ninaposimama kwa uvimbe wa kaakaa: kipande kinachukuliwa kwanza, na upasuaji wa kuutoa unafuata majibu.

Kinachukuliwa hivi. Ganzi inachomwa kuuzunguka uvimbe, haichomwi ndani yake, maana maji ya ganzi yakiingia ndani yanazitawanya seli na kuharibu kile unachotaka kukiona. Kabla ya kukata, ingiza sindano uvute. Ikija damu tupu inayojaa bomba, acha, huo huenda ni uvimbe wa mishipa ya damu, mpe mgonjwa rufaa. Isipokuja damu, kata kwa kisu au kwa kile kikatio cha mviringo cha milimita 4 hadi 6, katikati ya uvimbe pale ulipoinuka zaidi, ushuke mpaka uingie kwenye uvimbe wenyewe.

Neno "katikati" linawakwaza wengi, kwa sababu kwa vidonda tumefundishwa kukata ukingoni. Ni kweli kwa kidonda cha saratani ya ngozi ya kinywa: ukingo unaonyesha palipo pagonjwa na palipo pazima kwa pamoja, ilhali katikati unaweza kuambulia nyama iliyokufa tu. Uvimbe wa tezi umekaa chini ya ngozi nzima. Ukikata ukingoni utachafua eneo safi ambalo mpasuaji angelitumia kama mpaka wake, na ukikata juujuu utaletewa jibu la "ngozi ya kawaida ya kinywa". Jibu hilo nimeliona mara nyingi, na kila mara mgonjwa alirudi nyumbani akishukuru Mungu, uvimbe ukiendelea kukua chini ya kovu.

Damu kwenye kaakaa si ya kuchezea. Mshipa mkubwa wa kaakaa unatokea karibu na gego la pili na la tatu, na ndipo uvimbe hupenda kukaa. Uwe na shashi za kutosha, uzi, na muda. Mgonjwa asiondoke mpaka damu ikauke kweli.

Kuutoa wote mara moja

Ipo mahali pake. Mukosili ya mdomo wa chini inatolewa yote pamoja na vitezi vidogo vinavyojitokeza kwenye kidonda kama punje za ulezi, kwa sababu ukiviacha itarudi. Kinundu cha chini ya sentimita moja kwenye mdomo wa juu, kinachoteleza, nacho naweza kukitoa chote na kukipeleka maabara. Hapo mgonjwa anakatwa mara moja, na kipande kinafika maabara kikiwa kizima na kingo zake. Sharti ni moja tu, kwamba kila kilichotolewa kinapelekwa kupimwa. Hata mukosili. Saratani iitwayo kasinoma ya mukoepidemoidi, ambayo ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani za tezi za mate, kwa watu wazima na hata kwa watoto, inaweza kujaa ute na kuonekana ya kibuluu, laini, kama mukosili kabisa.

Kwa kaakaa nakataa, na hili ndilo jibu la mwalimu. Uvimbe usio saratani unatolewa na ukingo mdogo wa nyama nzima, mfupa unabaki. Saratani ya daraja la chini, yaani isiyo kali, inahitaji ukingo mpana zaidi, pengine na kipande cha mfupa. Saratani inayotambaa kwenye mishipa ya fahamu inahitaji mpasuaji aufuate mshipa kuelekea fuvuni. Upasuaji ni wa aina tatu tofauti na kwa nje uvimbe ni ule ule mmoja. Anayeutoa kwa ganzi bila kujua anachagua mmojawapo akiwa amefumba macho. Akikosea, jibu linakuja likisema "saratani, ukingo una seli", na kidonda kimeshapona, mpaka wa uvimbe umepotea, na mpasuaji wa pili hajui pa kuanzia wala pa kuishia. Hapo atalazimika kukata zaidi ya ambavyo ingehitajika mwanzoni. Kukatwa kipande kidogo leo kulimwepusha mwalimu na hilo.

Udhaifu wa kinyama, nao usemwe

Siwezi kuisifia njia hii nikaficha kasoro yake. Kuna uvimbe wa aina tatu unaoota kwenye kaakaa ambao, ukiwa na kipande kidogo, mtaalamu wa patholojia anaweza kuutazama kutwa nzima asithubutu kusema. Wa kwanza ni adenoma ya pleomofiki, usio saratani. Wa pili ni adenokasinoma ya polimofasi, saratani ya mwendo wa pole ambayo karibu yote hutokea kwenye tezi ndogo za kinywani. Wa tatu ni kasinoma ya adenoidi sistiki. Zote tatu zinaweza kuwa na seli tulivu zinazofanana, zimepangwa kwa mirija na matundu. Tofauti kubwa iko mpakani: adenoma inasukuma nyama ya jirani, saratani inapenya. Nasi tumekata katikati, mpaka haumo.

Kwa hiyo jibu likisema "uvimbe wa tezi ya mate, aina haiwezi kuthibitishwa kwa kipande hiki", msimlaumu mtaalamu. Amesema ukweli, na ukweli huo unatosha kumpangia mgonjwa upasuaji wa uangalifu, jibu la mwisho likitoka kwenye uvimbe mzima. Mimi jibu kama hilo nalithamini kuliko la mtu aliyekisia.

Upo pia upande wa pili wa kukosea. Mgonjwa anakuja na shimo kwenye kaakaa lililotokea ghafla, kina kama kreta, linatisha. Huenda ni sialometaplasia nekrotaizi, hali iliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1973: tezi imekosa damu, imekufa, na itapona yenyewe ndani ya wiki chache, kwa kawaida kati ya 6 na 10. Kwa hadubini inaweza kumdanganya mtaalamu aione ni saratani, na wapo watu duniani waliokatwa mataya kwa ajili yake. Ukiandika kwenye fomu kwamba kidonda kina siku kumi tu na kilitanguliwa na uvimbe uliouma, umempa mtaalamu nusu ya jibu. Ukiandika "kidonda cha kaakaa" tu, umemwacha peke yake.

Uliza kuhusu ganzi isiyochomwa

Kasinoma ya adenoidi sistiki inanipa huzuni kuliko zote. Inakua polepole, mtu anaishi nayo miaka akidhani ni kitu cha kawaida, huku inatambaa ndani ya mishipa ya fahamu kama maji yanavyofuata mfereji. Kutoka kwenye kaakaa inaweza kufuata mshipa hadi chini ya fuvu. Inaweza kurudi baada ya miaka kumi, hata kumi na tano, na mara nyingi huonekana kwenye mapafu kabla ya kwingine. Mgonjwa aliyemaliza miaka mitano akiwa salama bado anatakiwa kurudi kliniki, na amwambie hivyo hata daktari mpya asiyemfahamu.

Dalili yake unaweza kuitafuta bila mashine. Mwambie mgonjwa afumbe macho. Chukua kipande cha pamba, uguse shavu chini ya jicho la kulia, kisha la kushoto, kisha kaakaa pande zote mbili. "Nikigusa sema." Akinyamaza upande mmoja, au akisema anahisi kama amechomwa ganzi, au kuna maumivu ya kuchoma yasiyolingana na ukubwa wa uvimbe, andika kwa herufi kubwa kwenye rufaa. Kazi hii inachukua dakika moja.

CT au MRI

Ultrasaundi ni nzuri kwa parotidi, kwa tezi ya chini ya taya na kwa mitoki ya shingo, lakini kwenye kaakaa haikusaidii kitu. Eksirei ya taya zima inafaa kutafuta jino bovu na si zaidi ya hapo. Mfupa wa kaakaa unaweza kuwa umeliwa na picha ikaonekana nzuri.

CT, eksirei ya vipande vipande inayounganishwa na kompyuta, inaona mfupa. Kama swali lako ni "je, kaakaa limetobolewa, uwazi wa shavu umeingiwa?", CT ndiyo jibu, na ndiyo inayopatikana katika hospitali nyingi zaidi. MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, inaona nyama na mishipa ya fahamu. Mshipa ulioingiwa na saratani unang'aa na kunenepa ikipigwa kwa dawa ya kung'arisha. Anayeweza kupata moja tu, ushauri wangu ni huu: uvimbe usio na ganzi wala maumivu, anza na CT. Kuna ganzi, au kinyama kimesema adenoidi sistiki, tafuta MRI hata kama ni kwa kusafiri. Na kama picha inapatikana bila kuchelewesha, ipigwe kabla ya kinyama, kwa kuwa kidonda na damu vinaichafua. Lakini kama foleni ya picha ni ya miezi, usimweke mgonjwa akisubiri. Kata kinyama kwanza.

Chupa na fomu

Nikiwa mpya kazini niliwahi kutuma kinyama kizuri, nilichokihangaikia nusu saa, kwenye chupa ya maji ya chumvi kwa sababu fomalini ilikuwa imeisha na mgonjwa alikuwa anawahi basi. Kilifika maabara siku ya tatu kikiwa kimeoza. Nilimpigia simu mgonjwa kumwomba arudi, na sauti yake siku ile bado naisikia. Tangu hapo sishiki kisu kabla ya kuiona chupa ya fomalini mezani. Iwe fomalini ya 10 kwa 100, ujazo wake usipungue mara kumi ya kinyama, chupa iwe na mdomo mpana ili kinyama kitoke bila kubanwa, na kisikamatwe kwa koleo ya meno inayokiponda. Spiriti hapana, barafu hapana, maji hapana.

Kwenye fomu, andika umri, mahali hasa ("kaakaa, kulia, mpaka wa gumu na laini", usiandike "kinywani"), ukubwa kwa sentimita, umeanza lini, unauma au hauumi, kuna ganzi au hakuna, na picha imeonyesha nini.

Rangi maalumu au vinasaba

Hapa nitapita haraka, kwa sababu wengi hatuna chaguo. Kipimo cha rangi za kingamwili, imunohistokemia, kinapaka protini za seli. Kwa mfano p63 na p40: adenokasinoma ya polimofasi kwa kawaida inawaka p63 peke yake, ilhali adenoidi sistiki inawaka zote mbili. Kipimo kimoja cha namna hiyo kinaweza kusaidia sana katika ule ubishi wa aina tatu nilioueleza. Vipimo vya vinasaba vinatafuta jeni zilizoungana kimakosa: MAML2 kwa mukoepidemoidi, MYB kwa adenoidi sistiki, ETV6 na NTRK3 kwa kasinoma ya sekretori, saratani nyingine ya tezi za mate ambayo Alena Skálová na wenzake waliitambulisha mwaka 2010. Hiyo ya mwisho ina uzito wa tiba pia, kwa sababu dawa ya larotrectinib inayolenga NTRK iliidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa saratani zilizosambaa au zisizoweza kupasuliwa.

Kama pesa inatosha kimoja, chukua rangi. Vinasaba viachwe kwa pale rangi ziliposhindwa au saratani imesambaa. Cha msingi ni kwamba bloku ya nta yenye kinyama chako inahifadhiwa maabara kwa miaka, na inaweza kutumwa kwingine bila wewe kukatwa tena. Omba namba yake uiandike mahali utakapoiona.

Majibu ya mwalimu

Yalitoka siku ya kumi na sita: kasinoma ya mukoepidemoidi, daraja la chini. CT ilionyesha mfupa wa chini yake umekonda ila haujatobolewa. Alilia kidogo, kisha akauliza kama atafundisha tena muhula ujao. Wapasuaji walimlaza kwa nusu kaputi, wakatoa uvimbe pamoja na mfupa uliougusa, na ripoti ya pili ikasema kingo zote ni safi, mshipa wa fahamu haujaguswa. Hakuhitaji mionzi. Shimo lililobaki linazibwa na bati la meno bandia lililotengenezwa kwa kipimo cha kaakaa lake jipya, na anaongea darasani bila sauti kutokea puani. Nyuma ya kadi yake ya kliniki nimemwandikia namba ya bloku kwa kalamu ya wino mzito, na kila anapokuja, kabla hajakaa, huwa tayari ameshavua meno ameyashika mkononi.